Kapteni Kabla ya Kujua Kutua

Mwaka nilioamua kununua ndege nilikuwa na umri wa miaka hamsini na miwili, kitambi cha wastani, na malori mawili ya kubebea mbao, moja likiwa haliwaki mpaka lisukumwe. Nasema haya mapema ili mtu asidhani nilikuwa mtu wa ndege. Nilikuwa mtu wa mbao. Nilizaliwa wilaya ya Makete, katika kijiji cha jirani na Matamba, nikashuka Makambako nikiwa kijana, nikabeba mbao begani, nikaendesha lori la watu, kisha nikafungua yadi yangu karibu na barabara kuu. Kila nilichokijua kuhusu usafiri kilikuwa na matairi kumi na kilitoa moshi.

Kilichonipotosha ni parachichi. Nilikuwa nimepanda ekari chache kwa kuiga wenzangu, na msimu ule zikazaa kuliko akili yangu. Siku moja nikaenda Njombe kutafuta miche mingine. Uwanja wa ndege wa Njombe uko katikati ya mji kabisa, na sisi wengi tulizoea kuuona kama eneo la wazi tu ambapo siku mojamoja inatua ndege. Nikiwa napita pembeni yake nikaiona: ndogo, nyeupe, injini moja puani, inang'aa kama sahani ya harusini. Pembeni yake alisimama mzee mmoja amevaa sweta, anafuta kioo kwa kitambaa.

Alikuwa daktari mstaafu mwenye shamba la parachichi nje ya mji. Tulisalimiana, tukaongea miche, na kabla sijaomba akanifungulia mlango. Nikaketi. Viti vinne vya ngozi. Mbele yangu skrini mbili kubwa, moja ina ramani yenye milima yote ya kwetu imechorwa kwa rangi. Juu ya kichwa, kwenye dari, palikuwa na mpini mwekundu.

"Hii ya nini, daktari?"

"Ya mwavuli."

"Wa mvua?"

Hakucheka, na kwa hilo namshukuru mpaka leo. Akanieleza kwamba ni parachuti ya ndege nzima. Injini ikizima na ukakosa pa kutua, unavuta mpini, mwavuli unatoka, na ndege yote inashuka na wewe ndani yake. Kisha akasema, kama mtu anayetaja jambo dogo, kwamba alikuwa anafikiria kuiuza.

Nilirudi Makambako nikiwa nimeshainunua kichwani. Ina ramani, ina kompyuta, ina mwavuli. Kilichobaki, niliona, ni mtu wa kukaa.

Mke wangu ni muuguzi. Kwa miaka mingi amewapokea watu waliokuwa na uhakika na jambo fulani dakika tano kabla ya kuletwa wodini. Nilimweleza habari ya ndege wakati anachambua maharage, nikaanza na sababu ya kiungwana.

"Fikiria mgonjwa wa kwenda hospitali ya Ikonda, mama. Barabara ile, mvua ile."

"Kwa hiyo utabeba wagonjwa?"

"Ikibidi."

"Watalala wapi?"

Nikakumbuka vile viti vinne. "Hawatalala. Watakaa."

"Na mbao?"

"Mbao haziingii."

"Parachichi?"

"Maboksi machache."

Aliendelea kuchambua. "Basi ni ndege ya kukubeba wewe," alisema, na hapakuwa na hasira yoyote katika sauti yake, ndiyo maana maneno yale yaliniuma.

Lakini nilikuwa nimeshawaambia watu. Pale yadini, kwenye kibanda cha chai, kanisani baada ya ibada. Ndani ya wiki moja Makambako nzima ilikuwa inaniita Kapteni. Wapiga randa waliniita Kapteni. Mama wa chai aliniuliza kama Kapteni anaongeza sukari. Mtu mwenye busara angesikia kejeli iliyomo. Mimi nilikwenda kwa fundi cherehani nikashonesha shati jeupe lenye vipande vyeusi vya mistari ya dhahabu mabegani. Fundi aliuliza mistari mingapi. Nilimwambia aweke minne, kwa sababu mitatu ilionekana michache.

Daktari ndiye aliyenitia breki ya kwanza. Nilipompigia kumwambia niko tayari, alisema hataniuzia mpaka nijifunze, na si kujifunza popote, bali kwa mwalimu aliyemfundisha yeye, kwenye shule moja ya urubani huko Dar es Salaam. "Akisema unaweza, tutaongea," alisema. Niliona ni masharti ya uzee. Nikafunga begi, shati nikaliweka juu kabisa lisikunjike.

Mwalimu alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na kitu, mfupi, mwenye sauti ya chini. Alinipa shikamoo yangu kwa heshima zote nje ya ofisi, nikaitikia marahaba kama mtu mzima, na hiyo ikawa mara ya mwisho siku ile kwa mimi kuwa mtu mzima.

Kwanza vipimo vya afya. Daktari wa pale aligundua kwamba sikio langu la kushoto limechoka kwa kelele za mashine za kupasulia mbao, kwamba shinikizo la damu liko mpakani, na kwamba kile nilichokiita ulanzi kidogo, pombe yetu ya mianzi, wakati wa msimu ni kingi kwa hesabu za wengine. Nilipita, lakini kwa maonyo. Halafu ikaja ndege ya mafunzo. Nilitegemea kitu kama ile ya daktari. Nikaonyeshwa kindege cha viti viwili, rangi imepauka, mlango unafungwa kwa kuubamiza. Nilisema, nikidhani nachekesha, kwamba inafanana na bajaji iliyoota mabawa.

"Hii bajaji imefundisha marubani wengi, mzee," alisema mwalimu. "Ingia."

Tukaanza kuitembeza ndege chini kuelekea njia ya kurukia. Nikashika usukani kwa mikono miwili kama ninavyoshika lori, ndege ikaanza kwenda pembeni, nikakata kushoto, ikazidi kwenda kulia, nikakata kushoto zaidi. Tukawa tunaelekea kwenye nyasi.

"Mzee, hiyo inageuza mabawa. Matairi yanageuzwa kwa miguu."

"Kwa miguu?"

"Pedali. Mikono weka mapajani kwanza."

Nilikaa na mikono mapajani kama mtoto aliyekatazwa kugusa mboga, huku miguu ikikanyaga huku na huku, na ndege ikaenda kwa mwendo wa mtu anayetoka kilabuni. Miaka thelathini ya kuendesha lori haikunisaidia chochote. Mwalimu aliniambia baadaye kwamba madereva wazoefu ndio wagumu, kwa sababu mikono yao inajibu kabla hawajaulizwa.

Angani nilikuwa afadhali. Kutua ndiko kulikonimaliza. Nilikuwa naishusha vizuri mpaka karibu na ardhi, halafu naivuta pua kwa woga, inapanda tena kidogo, inaishiwa mwendo, inaanguka, inadunda. Siku moja baada ya kusimama, mwalimu aliniuliza tumetua mara ngapi.

"Mara moja."

"Mimi nimehesabu tatu."

Kila nikishindwa nilikuwa nakimbilia kuitaja ndege ya daktari. Nilimwambia mwalimu kwamba ile ingenisamehe, kwa sababu ni ya kisasa, na tena ina mwavuli. Siku moja alizima injini, akavua visikizio, akanigeukia.

"Mwavuli ni wa siku uliyokosea kila kitu, mzee. Tena unahitaji kimo. Ukiwa chini sana haupati nafasi ya kufunguka. Mimi nataka tuongee kuhusu siku nyingine zote."

Akaniuliza Njombe iko juu kiasi gani. Nilijibu kwa majivuno kwamba ni juu sana, na mimi nimezaliwa juu zaidi ya hapo, mapafu yangu yamezoea.

"Wewe umezaliwa juu. Injini haikuzaliwa juu."

Hapo akanieleza jambo ambalo sikuwahi kulifikiria: hewa ya kwetu ni nyepesi, kwa hiyo injini inapungukiwa nguvu na mabawa yanashika kidogo. Ndege inayoruka Dar es Salaam kwa mita chache, Njombe inahitaji kukimbia sana, hasa jua likiwa kali na wewe umejaza watu wanne na maboksi ya parachichi. Aliniachia hesabu nizifanye mwenyewe. Nilizifanya usiku hotelini, nikapata kwamba nikimbeba mke wangu, shemeji zangu wawili na mizigo yao siku ya jua, tungefika mwisho wa uwanja wa Njombe tukiwa bado chini. Nilirudia hesabu nikiwa nimepunguza uzito wangu kwa uongo. Bado hazikukubali.

Siku nyingine akanipa karatasi tupu, akaniambia niandike siku zote za mwezi uliopita ambazo ningehitaji ndege kweli. Niliandika mbili. Moja ilikuwa ya kwenda Ludewa, upande wa Mchuchuma, kuona msitu uliokuwa unauzwa. Na kule, nilipofikiri vizuri, hapakuwa na pa kutua karibu. Nyingine ilikuwa harusi.

"Siku nyingine zote ndege itakuwa inafanya nini?"

"Itakuwa imepaki."

"Wapi? Nani ataiwasha? Fundi wake atatoka wapi? Petroli yake utaipata wapi Makambako?"

Kwenye lori, kila swali la namna ile nilikuwa na jibu lake: fundi yupo nyuma ya stendi, mafuta yapo kila kona. Kwa ndege, fundi angepandishwa kutoka Dar es Salaam au Arusha, na petroli yake ya pekee ingeletwa kwa mapipa. Halafu akanielezea kuhusu injini inayokaa bila kuwashwa, inavyopata kutu ndani kimyakimya. Nilikunja ile karatasi nikaitia mfukoni, nikaamua kwamba mwalimu ni mtu wa kukatisha tamaa.

Ndipo ikaja siku yangu ya fahari. Ndege ya daktari ilikuwa imeletwa Dar es Salaam kwa ukaguzi wake wa mwaka, na mwalimu alitakiwa kuirudisha Njombe. Daktari akakubali nikae kiti cha kushoto niendeshe, mwalimu akiwa kulia. Nilimpigia mke wangu, nikampigia mwenyekiti wa jumuiya yetu, nikampigia mama wa chai. Mpaka tunaondoka, watu wa Makambako walikuwa wamepanda gari mbili kwenda Njombe kunipokea, na akina mama wa kwaya, na masufuria ya wali. Nami nilikuwa nimevaa shati la mistari minne. Mwalimu aliliangalia mara moja. Shati lake lilikuwa jeupe bila mstari wowote.

Tulitua Iringa kuongeza mafuta, na nilitua vizuri, nasema kwa haki. Tukaruka tena, tukafuata barabara kuu. Mafinga ikapita, misitu ikapita, na kisha nikaiona Makambako kutoka juu: reli, njia panda, na zile yadi zenye mbao zilizopangwa kama viberiti. Niliiona yadi yangu. Nilitaka tuizunguke mara moja, tena chini kidogo, wapiga randa waone.

"Hapana," alisema mwalimu.

Tulipogeuka kuelekea Njombe, mbele palikuwa peupe. Ukungu wa kwetu haushuki kutoka juu tu, unapanda pia kutoka mabondeni, na mahali fulani wa juu na wa chini unakutana. Mwalimu alikunja mikono kifuani.

"Leo wewe ndiye rubani. Amua."

Nilitazama nje, nikaona uji. Nikatazama skrini. Kwenye skrini Njombe ilikuwa inang'aa, uwanja umechorwa, mstari wa njia yetu umenyooka kama uzi wa fundi mwashi, dakika chache tu zimebaki. Nikafikiria masufuria ya wali.

"Twende mbele kidogo."

"Sawa."

Tukaenda. Mawingu yakashuka kidogo, nikashuka nayo. Ardhi ikapanda kidogo. Nilijiambia kwamba nakijua kila kilima cha huku, na ni kweli navijua, lakini navijua kutoka barabarani.

"Huko mbele ardhi iko kimo gani?" aliuliza mwalimu.

"Nadhani sehemu ya juu tumeshaipita."

"Nyuma yako pakoje?"

Sikujua. Sikuwa nimegeuza shingo. Nikageuka, nikaona nyuma yetu bado kuna jua, kipande kimoja upande wa Makambako, nacho kinapungua. Nilipogeukia mbele, ukungu uliachia kidogo chini ya bawa langu, nikaona vichwa vya miti. Vilikuwa karibu kiasi kwamba niliitambua miti yenyewe: mipaina, ya miaka kama kumi na minne, haijapogolewa vizuri. Ningeweza kukadiria mbao zake. Mikono yangu ikaganda. Macho yakaenda kwenye ule mpini mwekundu, nikakumbuka habari ya kimo, yakarudi.

"Naichukua," alisema mwalimu.

Niliachia kila kitu kwa haraka ambayo sijawahi kuachia nayo mali yangu. Akaipandisha na kuigeuza kwa utulivu, kwa mkono mmoja, akaielekeza kwenye kile kipande cha jua. Makambako ikatokea tena chini yetu.

"Kwa nini hukugeuza mapema?" niliuliza.

"Mimi muda wote nilikuwa na pa kugeukia, mzee. Nilitaka kuona kama na wewe unapo."

Tulirudi Iringa. Nikampigia mke wangu.

"Mmefika wapi?"

"Iringa."

"Bado Iringa? Ndege ni nzima?"

"Nzima."

"Na wewe?"

"Mimi siyo sana."

Nyuma yake nilisikia kwaya inaimba, nadhani kwa kukosa la kufanya. Akaniambia ukungu wa pale uwanjani umekuwa mzito hata mbuzi hawaonekani, wanasikika tu.

"Watu wanauliza," alisema.

"Waambie ni hali ya hewa."

"Hawaulizi habari ya hali ya hewa. Wanauliza kama wale huo wali."

"Waambie wale, mama."

Mwalimu alibaki Iringa kusubiri anga ifunguke. Mimi nikaenda barabarani kutafuta usafiri, nikapata lori tupu lililokuwa linarudi Makambako kuchukua mbao. Dereva hakunifahamu. Aliangalia mabega yangu muda mrefu, kisha akaniuliza kwa upole kama kampuni yetu ya ulinzi inaajiri, kwa sababu ana mdogo wake hana kazi. Nilimwambia nitauliza. Tulipofika Mafinga nilivua lile shati nikabaki na fulana, baridi na yote.

Yadini hakuna aliyenicheka mbele yangu. Hilo lilikuwa baya zaidi. Mama wa chai aliniwekea sukari bila kuniuliza, na hakuniita Kapteni. Aliniita baba, kama tunavyomwita mtu aliyefiwa.

Siku chache baadaye nilikwenda Njombe kuonana na daktari shambani kwake. Nilidhani mwalimu ameshamsimulia. Hakuwa amemsimulia kitu, kwa hiyo nikamsimulia mwenyewe, hata habari ya mipaina. Alisikiliza huku anakata matawi. Halafu akaweka mkasi chini.

"Unajua kwa nini nauza?"

Sikujua. Nilikuwa sijawahi kuuliza, na hapo nikaona aibu, maana kwenye lori bovu hilo ndilo swali langu la kwanza.

Akasema kwamba aliwahi kukaa miezi miwili bila kuruka kwa sababu ya shughuli za shamba, halafu siku moja akampeleka mkewe matembezi. Waliporudi Njombe alikuja kwa mwendo mkubwa, akagusa chini uwanja ukiwa umeshaisha nusu, akasimama hatua chache kutoka ukingoni. Mke wake alishuka, akachukua mkoba wake, akatembea kwa miguu mpaka nyumbani.

"Ndege haikuwa na kosa lolote," alisema. "Ilikuwa nzuri kuliko mimi. Ukiwa na kitu kizuri kuliko wewe, ama unakifanyia mazoezi kila wiki, ama unakiachia mwingine. Wewe utaruka kila wiki?"

Ningeweza kusema ndiyo. Mwaka mzima nilikuwa nimesema ndiyo kwa kila mtu. Nikafikiria malori, msimu wa kuvuna, kanisa, mvua za kwetu, ukungu wa kwetu.

"Hapana."

"Basi usinunue."

"Sinunui."

Alishusha pumzi kama mtu aliyetuliwa gunia. Akanipa mfuko wa parachichi, mimi mwenye parachichi zangu, nikaupokea.

Ndege ilinunuliwa na watu wa mbali wenye marubani wao. Mimi niliendelea na masomo, jambo ambalo hata mimi lilinishangaza. Nilikuwa nashuka Dar es Salaam kila nilipopata nafasi, napanda ile bajaji yenye mabawa, nadunda, narudi. Nilichukua muda mrefu kuliko wanafunzi wote niliowakuta, na wengine walionikuta mimi. Siku mwalimu alipofungua mlango akashuka, akaniambia nizunguke mara moja peke yangu, nilikaa nikisubiri arudi. Hakurudi. Nikaruka. Ndege bila yeye ilikuwa nyepesi ikapanda haraka, nikajikuta naongea kwa sauti kubwa na kile kiti kitupu, namwita mwalimu, namtajia kila ninachofanya. Nilitua mara moja. Nilihesabu mwenyewe.

Leseni ninayo sasa, na ndege sina. Nakodi, siku chache kwa mwaka, na kabla ya kukodi narudi kwanza kwa mwalimu anitoe kutu. Mke wangu alikataa kupanda kwa muda mrefu, akitoa sababu za kitaalamu. Mwaka huu akakubali. Tulikwenda wote Dar es Salaam, akapanda, akafunga mkanda, akavaa visikizio, akashika mkoba mapajani kwa mikono miwili. Nilianza kukagua vitu kimoja kimoja kwa karatasi. Upepo wa baharini ulikuwa umeanza kuvuma kutoka pembeni, na ile soksi ya kitambaa ya kuonyesha upepo ilikuwa imenyooka juu ya mlingoti wake. Nilishajaribu upepo wa namna ile nikiwa na mwalimu, peke yangu bado. Nikatazama soksi mara ya pili. Wenye uwanja walikuwa wanatuangalia, na wanafunzi vijana wawili wamesimama kivulini.

"Mama, leo hapana," nilisema. "Upepo umenizidi."

Alinitazama, kisha akavua visikizio na kuvitundika mahali pake.

"Sasa najua naweza kupanda na wewe," alisema. "Tutafute siku nyingine."

Tukashuka, nikaifunga ndege kamba zake, tukaenda kutafuta samaki.